Vidonge vya Njano na Jina la Achim

Nyumba ya nyuma ya duka la taa,
Barabara ya Kota,
Taiping, Perak.
10 Novemba 2019

Mpendwa Mama Mkubwa Guat Sim,

Pokea shikamoo yangu kwa mikono miwili. Hujambo na nyumba yako yote? Magoti ya Baba Mkubwa yanaendeleaje na mvua za huko Tawau? Na vidole vyako, bado vinakuwa vigumu asubuhi kabla hujashika mkasi? Sisi hapa tunaendelea, ingawa neno hilo nimeliandika baada ya kulifikiria sana.

Najua utashangaa kupata bahasha badala ya simu. Kwenye simu sauti yangu huwa ndogo, nawe huniuliza kama nimejifunika mto usoni. Tena wewe huweka spika ukiwa unashona, na haya ninayotaka kukueleza si ya kusikiwa na wateja wanaosubiri kupimwa kiuno. Kwa hiyo tafadhali isome ukiwa umekaa chumbani.

Nianze na Kheng, maana najua macho yako yameshatangulia kulitafuta jina lake. Mdogo wangu yuko hai. Bado amelazwa. Leo asubuhi alikula uji na akalalamika kwamba hauna chumvi, na Baba akasema malalamiko hayo ni matamu kuliko uji wenyewe.

Ulipotupigia mara ya mwisho, habari zilikuwa njema. Uvimbe wa kifuani, ile limfoma iliyokuwa ikimbana pumzi, ulikuwa umesinyaa kwa dawa za dripu. Kilichobaki ilikuwa safari ndefu ya vidonge, ili saratani isipate nafasi ya kurudi. Ni vidonge vidogo vya njano, vinaitwa merkaptopurini. Daktari Vasanthi alituambia watoto wengi huvimeza huku wanaenda shule. Kheng alikuwa ameanza kuota nywele laini kama za kifaranga, na alikuwa akimlazimisha kila mgeni azipapase.

Baada ya wiki mbili za vidonge, nywele zile zilibaki kwenye mto. Vikafuata vidonda vya mdomoni, kisha homa. Vipimo vikaonyesha kwamba chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, karibu zimekwisha. Wakamweka chumba cha peke yake na kusimamisha dawa. Chembe zikarudi. Wakaanza tena kwa kipimo kilichopunguzwa kidogo, na mambo yakawa yale yale, ila mabaya zaidi. Safari hii ilibidi aongezewe damu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Daktari hatabasamu tena. Wakimpa dawa, mafua ya kawaida yanaweza kumuua. Wakimnyima, limfoma inaweza kurudi, na nimesoma kwamba ikirudi huwa sugu. Kila siku aliyokaa bila kidonge, nilikuwa nauona ule uvimbe akilini mwangu ukijinyoosha kama mtu anayeamka.

Nyumbani tukaanza kutafutana ubaya. Daktari alikuwa ameuliza kama tunampa dawa nyingine yoyote, na Bibi akakiri kwamba alikuwa akimpikia supu ya mizizi. Akaambiwa aache. Basi damu iliposhuka mara ya pili, Baba alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha tambi akasimama mlangoni na aproni yake bado kiunoni.

"Mama, sema kweli. Umempa tena?"

"Nimempa nini?"

"Mizizi yako."

"Mizizi yangu ndiyo iliyokulea wewe mpaka ukapata tumbo hilo."

"Daktari alikataza."

"Nami nikaacha. Chungu kimekauka mpaka buibui amehamia. Nenda kachungulie, umsalimie."

Baba akaenda kweli kuchungulia. Bibi akageukia ukuta akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Mama alikuwa akikatakata majani ya vitunguu muda wote huo, na hakuinua uso.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, Mama Mkubwa. Wewe unakumbuka kuliko mimi siku Kheng alipozaliwa, na yule mtabiri wa hekaluni aliyesema saa yake ya kuzaliwa inagongana na ya Mama. Akimwita Mama, alisema, mmoja atamdhuru mwenzake. Ndiyo maana Kheng amekua akimwita Achim, kama vile ni mke wa baba mdogo tu, mtu aliyeingia kwenye ukoo kwa ndoa. Mimi saa yangu haina ugomvi na mtu, kwa hiyo namwita Mama. Nyumbani kwetu hakuna aliyeona ajabu. Kheng mwenyewe anajua nani kamzaa. Ni jina tu la kuwapumbaza wanaosikiliza huko juu.

Lakini tangu Kheng augue, Mama aliushika mwiko huo kwa nguvu zaidi. Aliamini kuna siku mtu aliteleza ulimi akamtaja kuwa mama wa Kheng. Kwa hiyo siku ya kwanza wodini, muuguzi alipomuuliza yeye ni nani kwa mtoto, alijibu, "Achim yake." Muuguzi huyo, Sista Hooi Peng, ni Mchina wa Hokkien kama sisi. Alilielewa neno vizuri sana, na hilo ndilo lililotuponza. Angekuwa wa kabila jingine, angeuliza maana yake.

Kuanzia hapo wodi nzima iliamini kwamba mama yake Kheng amekimbia. Na kwa kuwa mimi nilisikika nikimwita Achim huyo Mama, nikageuka binamu. "Binamu, mletee mgonjwa maji," Sista ananiambia, nami naleta. Siku moja alimshika Mama bega akamwambia, "Achim, una moyo wewe. Kuna wanawake wamezaa, na hata kuchungulia dirishani hawaji." Mama akatabasamu, akaendelea kumfuta Kheng nyayo. Nilitaka kucheka, halafu nikataka kulia, mwisho nikafungua kitabu cha biolojia nikakisoma kichwa chini miguu juu kwa muda bila kugundua.

Baada ya damu kushuka mara ya pili, Daktari Vasanthi alituita ofisini kwake. Baba na Bibi walikaa mbele, Sista akasimama kando yao ili amtafsirie Bibi. Mimi nilishika mkoba wa Bibi. Mama alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kama anavyotakiwa kukaa Achim.

Daktari alisema huenda kosa si la supu wala la mtu yeyote. Alijua kazi ya Baba, akamweleza hivi: dawa ikishafanya kazi, mabaki yake lazima yaondolewe mwilini, kama maji ya tambi yanavyomwagwa kwenye karo la jikoni. Wengi wana karo zima. Wengine wamezaliwa na karo lenye tundu jembamba. Mwage ndoo ile ile, kwa wa kwanza maji yanakwenda, kwa wa pili jiko linafurika. Tundu hilo linatokana na jeni, yaani maagizo tunayorithi, nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Katika nchi zetu za upande huu wa Asia, alisema, wenye nakala iliyobadilika si wachache.

Kisha akauliza, polepole, "Katika damu ya mtoto huyu, kuna aliyewahi kumeza vidonge vinavyofanana na hivi? Labda kwa ugonjwa wa figo, au ngozi, au utumbo. Nywele zikadondoka ghafla, na homa kali?"

"Hakuna," alisema Baba.

"Kwetu watu wanakufa wazee," alisema Bibi, "tena kwa ubishi."

"Na upande wa mama yake?"

Baba akaangalia viatu vyake. "Mama yake ni mzima."

"Anaweza kuja tukaongea naye?"

Sista Hooi Peng, kwa huruma yake, akainama akamwambia Daktari kwa Kimalei, kwa sauti ambayo alidhani hatutaisikia, "Daktari, mama hayupo. Yule pale ni mke wa baba mdogo. Si damu yao." Daktari akamtazama Mama kidogo, kwa adabu, akaondoa macho. Baba hakusahihisha, kwa sababu aliamini hakuna cha kusahihisha. Katika ndoa yao yote hajamwona Mama akiugua zaidi ya mafua.

Daktari akaendelea. Ute wa ndani ya shavu la Kheng umeshapelekwa Kuala Lumpur kupimwa hiyo jeni, lakini majibu yatakawia, na mtoto hawezi kukaa muda wote huo bila dawa. Jumatatu ataanza tena, kwa nusu.

Nusu. Mama Mkubwa, hapo ndipo nilipokumbuka mwaka ule ulipokuja kwetu kwa Mwaka Mpya, ukawa unanisuka. Ulisema nywele zangu zina bahati, si kama za mama yangu, zilizokwisha zote kwa vile vidonge vya figo. Halafu ukanivuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nami nikajua nimesikia lisilokuwa langu.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameifumba mikono yake magotini. Alilisikia swali, na alikuwa na jibu. Lakini ili alitoe, alitakiwa aseme mambo mawili kwa pamoja: kwamba yeye ndiye mama, na kwamba alikuja kwenye nyumba hii ya ndoa akiwa na siri. Aibu ya la pili angeimeza. La kwanza aliamini litamuua mwanawe.

Unanijua. Darasani mwalimu husoma majibu yangu mwenyewe kwa sababu sauti yangu haifiki dawati la pili. Sijui niliipata wapi siku ile. Nilisema, "Daktari, mimi si binamu yake."

"Unasemaje, mwanangu?" aliuliza Sista.

"Mimi ni dada yake. Tumbo moja. Na yule namwita Mama kwa sababu ni mama."

Bibi aligeuka. "Funga mdomo wewe. Unataka kumuua mdogo wako?"

"Mwache, Mama," Mama akamwambia Bibi. Alisimama. Alimwambia Daktari, lakini macho yake yalikuwa kwenye dari, kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba wa juu. "Kheng nimemzaa mimi. Na vidonge hivyo nimewahi kumeza."

Akasema yote. Figo zilivyomvimbisha uso alipokuwa anaishi kwako kabla ya posa. Vidonge vidogo vya njano. Nywele zilizokuwa zikitoka kwa viganja. Homa iliyokufanya ulale sakafuni kando ya kitanda chake. Vidonge vikasimamishwa na figo zikapona kwa dawa nyingine, lakini harusi ilipofika kichwa kilikuwa bado kitupu.

Baba alikuwa kama mtu aliyesikia habari za jirani. "Zile nywele siku ya harusi..."

"Za bandia."

"Zote?"

"Zote."

"Mimi nilijua," alisema Bibi.

Sote tukamgeukia. Alikuwa anaupangusa mkoba wake, ambao alishaunyakua mikononi mwangu. "Nilipomvisha mkufu wa dhahabu, kulabu ilinasa, kichwa kizima kikasogea. Nikazirudisha zile nywele. Nikasema, huyu kaja kuolewa, hakuja kuuza nywele." Kisha akamgeukia Baba. "Na supu yangu je? Mbona hakuna anayesema kitu kuhusu supu yangu?"

Sista Hooi Peng alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Achim, yaani, mama... mimi nilikwambia maneno yale..."

"Ulimsema mwanamke mwingine," alisema Mama.

Daktari hakucheka. Aliuliza jina la vidonge, na Mama hakulijua, wewe ndiye uliyempeleka kliniki. Daktari akasema kwa figo, na rangi hiyo, yaelekea ni azathioprini, na kwamba ikiingia mwilini hugeuka kuwa dawa ile ile anayomeza Kheng. Akaifuta ile nusu ya Jumatatu. Akasema ni afadhali kusubiri majibu kwa hofu kuliko kuanza kwa ujasiri. Baba na Mama nao wakafutwa ndani ya mashavu kwa kijiti chenye pamba, na pamba zikaenda Kuala Lumpur.

Sitaki kukuandikia sana juu ya siku za kusubiri. Ila siku ile ile ya ofisini, kabla hatujaondoka, homa ya Kheng ilipanda. Bibi alimtazama Mama, na Mama akatoka akakaa kwenye benchi la korido. Nilimwambia ni maambukizi, nilimwambia homa hiyo ilianza kabla hajasema chochote. Alinijibu, "Wewe soma vitabu vyako." Alikataa kuingia. Aliona neno lake limeshaanza kazi.

Ndipo tukasikia sauti ya Kheng kupitia mlangoni, ya kukwaruza, yenye hasira. "Achim kaenda wapi? Mimi natapika, Dada Kitabu hajui kushika beseni."

Mama alinawa mikono, akavaa barakoa, akaingia.

Majibu yalikuja wiki tatu zilizopita. Kheng ana nakala zote mbili zilizobadilika. Mama naye ana zote mbili. Baba anayo moja. Daktari alieleza kwamba Kheng alipokea moja kwa kila mmoja wao, na kwamba ya mmoja peke yake isingemfikisha mtoto kwenye hali hii. Mama alimwomba arudie. Daktari akarudia. Mama akaomba tena. Miaka yote ya Kheng, Mama ameishi akiamini kwamba dhara, likija, litatoka kwake peke yake.

"Basi tumeshirikiana," alisema Baba.

Bibi akataka kujua Baba aliipata wapi yake. Daktari akasema, kwake yeye au kwa marehemu mume wake.

"Kwa marehemu," alisema Bibi. "Karo lake liliziba maisha yote."

Sasa Kheng anameza sehemu ya kumi tu ya alichopewa mwanzoni, na mfamasia ndiye anayevikata vidonge. Nilimuuliza Daktari (ndiyo, nilimuuliza mwenyewe) kama kidogo hivyo kinaweza kuizuia limfoma. Alisema kwa mwili wa Kheng, kidogo hicho kinafanya kazi ya kidonge kizima cha mtoto mwingine. Siku za kwanza chembe nyeupe zilishuka kidogo. Kisha zikasimama. Vipimo vya leo asubuhi vinaonyesha bado zimesimama, na kwenye picha ya kifua hakuna uvimbe. Daktari hajasema amepona. Bado kuna mwaka na zaidi wa vidonge, na kila damu inapochukuliwa tutakaa hivi hivi tumebana pumzi.

Mimi nami nimepimwa, jibu langu halijaja. Lakini nimelipigia hesabu: Mama hana nakala nyingine ya kunipa, kwa hiyo lazima ninayo angalau moja. Ni ajabu kujua jambo kama hilo juu yako kwa penseli tu.

Na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Wewe na Mama ni wa baba mmoja na mama mmoja. Huenda unayo moja, huenda mbili, huenda huna kabisa. Vidole vyako vinavyokakamaa, Mama Mkubwa: daktari yeyote akitaka kukupa azathioprini au ndugu zake, mwambie kwanza habari za Mama na Kheng. Usimeze kabla hujapimwa. Mwambie na mwanao, Kaka Chun Wah, kwa ajili yake na ya mtoto wake. Na kama unalikumbuka jina la vidonge vya kliniki ile, Daktari Vasanthi angependa kulijua.

Kheng bado anamwita Achim. Sista siku hizi humwita Mama Kheng, na Mama humnyamazisha kwa kidole mdomoni. Nilimwambia Kheng mwenyewe kwamba sasa tumejua ni jeni, si saa ya kuzaliwa, anaweza kusema atakavyo. Alinijibu, "Damu ndiyo kwanza inatulia, wewe unataka nibadilishe mambo? Nitamwita nikimaliza vidonge vyote."

Mama amekaa hapa mbele yangu anachambua chipukizi za maharage kwa ajili ya kibanda. Nimemuuliza kama ana neno la kukutumia. Amechambua konzi moja kwanza. Kisha amesema, "Mwambie Dada nimeshasema mwenyewe. Asinifichie tena."

Nisalimie Baba Mkubwa, Kaka Chun Wah na mkewe, na umpapase mtoto wao kichwani kwa niaba ya Kheng. Bibi anakusalimu na anasema supu yake ni safi. Mama wa Huruma, Kuan Im, aikinge nyumba yako, na akupe asubuhi zenye vidole vyepesi.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Khaw Chooi Yen